Koti la Kimya

Jumanne, 4 Juni

Mdogo wangu Fundi,

Nianze na malalamiko halafu salamu zifuate, maana malalamiko ndiyo yanayoniwasha. Nimekupigia simu wiki nzima. Unapokea, unasema "Halo, halo, mtandao," unakata. Mtandao gani huo unaonichukia mimi tu? Haya, umenitumia ujumbe kwamba nikuandikie barua kwa sababu mambo ya mashine yanataka michoro. Nimenunua karatasi. Dereva wa lori la maziwa amekubali kuwa tarishi wetu, kwa kuwa anapita hapa na anapita mlangoni kwako. Yeye na shemeji yako walishika usukani pamoja enzi zile, hana ubavu wa kukataa.

Tumefika kambini salama. Kobe, hili gari letu, hakutuangusha hata mlimani. Zamani mtu angeniambia kwamba mimi, fundi cherehani niliyekalia kiti kimoja tangu usichana, nitazeekea ndani ya gari lenye kitanda, jiko na sinki, ningemwambia anywe maji akalale. Lakini unaijua ahadi ya shemeji yako. Miaka yote ya malori alikuwa akirudi ananiambia, "Kuna mahali nimepita, mke wangu, siku moja nitakuonyesha." Sasa ananionyesha. Juzi kanisimamisha kwenye daraja moja kuukuu, kasema, "Hapa ndipo nilipopasukiwa na tairi, nikakukumbuka." Nikamuuliza mimi na tairi tunahusiana wapi. Kacheka mpaka kakohoa.

Sasa tuje kwa Kimya. Hivi hilo jina ulilompa huyo jenereta, ukaliandika kwa rangi nyeupe kwenye tangi, ulikuwa unatutania? Ananguruma! Vikombe vinacheza kabatini. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, amehamisha hema lake mpaka karibu na vyoo na anasema ameona nafuu. Na kumzima hatuwezi. Unajua shemeji yako akilala pumzi inasimama, na ile mashine ya kupumulia aliyopewa hospitali inataka umeme mpaka asubuhi. Betri ya Kobe inakata njiani. Huku nguzo ya umeme hata ya kuegemea hakuna.

Msimamizi wa kambi, mama mmoja mtu mzima, alikuja kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Kasema tumnyamazishe huyo mnyama kabla shule hazijafungwa, maana familia zenye watoto zitaanza kuja. Tukishindwa, tuondoke. Kambi zote za njia hii ni za ukoo wake, kwa hiyo kuondoka ni kurudi kwenye kile chumba cha nyuma kwa binti yetu, na safari imekwisha. Shemeji yako anasema si kitu, ameshaona mengi. Muongo. Leo nimemkuta anaifuta ramani vumbi kwa shati lake.

Niambie la kufanya, na wewe ule vizuri.

Dada yako


Jumapili, 9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi ninakula, tena ninanenepa.

Kimya ananguruma? Huyo nimemtengeneza kwa mikono hii. Nimemvua sailensa aliyokuja nayo, nikamchomelea ya gari dogo, nikaishindilia nyuzi za chuma ndani. Tangi nimeliongeza ili shemeji asiamke kujaza mafuta. Siku niliyomwasha hapa uani nilisimama karibu naye kama nilivyo karibu na karatasi hii. Sikusikia kitu! Nikadhani amegoma. Nikaweka kiganja juu yake, kumbe anafanya kazi, anatetemeka taratibu. Dada, nilifurahi kama mtoto. Palepale nikachukua brashi nikamwandika jina.

Kwa hiyo ubaya uko huko. Ninamjua shemeji, akiona shimo barabarani halikwepi, anaingia kulisalimia. Nati zimelegea. Mwambie azikaze zote nilizozichora hapa chini, halafu akate raba ya tairi kuukuu amwekee Kimya miguuni asigonge ardhi. Amsogeze mbali kadiri waya utakavyokubali, na bomba la moshi lielekee kusiko na mtu wala dirisha.

Na hili silisemi kwa utani. Usimfunike. Ninakujua wewe, ukiona kitu kiko wazi unataka kukivalisha. Injini inapumua kama shemeji tu. Na moshi wake ukirudi ndani hauonekani, haunuki sana, unamchukua mtu amelala. Usimfunike, dada.

Mwambie mwalimu anunue pamba ya masikio.

Mdogo wako,
Fundi


Ijumaa, 14 Juni

Fundi,

Nati zimekazwa, raba imewekwa, waya umevutwa mpaka unalia. Kelele ziko palepale. Pamba mwalimu anayo tangu wiki jana, na ametuonyesha.

Nikuulize kwa wema: huyu ulimjaribia wapi? Labda siku hiyo palikuwa na mashine nyingine zinawaka. Ninakuuliza, unanijibu "sikusikia kitu, sikusikia kitu" kama kasuku. Ukaidi huu umeurithi kwa baba, na yeye alikuwa akibishana na mvua huku imemlowesha.

Shemeji yako anakusalimu. Siku hizi anajitia anapenda kulala amekaa kwenye kiti, eti kitanda kinamuumiza mgongo. Ninamwangalia tu.

Swali lingine, la kupita tu, wala halihusiani na lolote. Sponji ya godoro inashika moto upesi, au inavumilia kidogo?

Dada yako


Jumatatu, 17 Juni

Shemeji,

Hii barua dada yako asijue. Nimemwambia ninamwandikia dereva wa maziwa kuhusu mtindi.

Kamshonea Kimya koti. Shemeji, usicheke, maana mimi nimeshacheka na nimenuniwa. Koti la turubai, bitana ya sponji, vifungo sita vikubwa na kola. Kola! Nikamuuliza jenereta ana shingo wapi, kasema nguo bila kola ni gunia. Kampima kwa futi yake kiuno na mabega. Kamvalisha mchana nikiwa mtoni, akasimama pembeni anajisifu. Na kweli kelele zilipungua. Halafu akaanza kusikia harufu.

Aliyeokoa ni mwalimu. Alikuja mbio na ndoo ya kufulia, akamwagia koti, Kimya na dada yako kwa pamoja. Hakuna aliyeumia. Koti limebaki kola na vifungo viwili.

Lakini msimamizi ameona moshi. Kasema hatasubiri mpaka shule zifungwe, tufanye haraka.

Sasa nikwambie jambo langu, nawe usimpelekee. Nimeanza kuzima Kimya usiku ili watu walale, ninalala nimekaa. Nilidhani dada yako amelala. Kumbe anakaa macho, na pumzi yangu ikisimama ananichoma na kidole ubavuni. Asubuhi tunaamka wote tunajifanya tumelala vizuri. Yeye amechoka, hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi. Nilimtoa kwenye cherehani ili apumzike, shemeji, si awe mlinzi wangu.

Fanya kitu.

Shemeji yako,
Dereva


Alhamisi, 20 Juni

Dada!

Koti? KOTI? Usimuulize mtu nani kaniambia, nimenusa harufu kutoka huku. Nilikwambia nini kuhusu kufunika? Ungemvalisha usiku je, mmelala ndani, moshi unazunguka unaingia? Leo ningekuwa ninamwandikia nani? Tangu wifi yako atangulie mimi nimebaki na nyinyi wawili tu. Nimekasirika mpaka nimeacha gari la mtu juu ya jeki nikaja kuandika. Vifungo sita, na kola juu.

Msizime Kimya usiku. Mwalimu akitaka kuhamia mwezini, ahamie. Mashine ya shemeji isizimwe.

Nimetuma na lori sailensa nyingine, lakini mimi ninaona huyu mzima kabisa. Nieleze basi analia vipi. Anagonga? Anapiga miluzi? Anakohoa? Bila kujua analia vipi ninatibu mgonjwa nisiyemuona.

Mdogo wako aliyekasirika,
Fundi


Jumapili, 23 Juni

Mdogo wangu,

Nimekoma. Nililia kidogo kwa lile "leo ningekuwa ninamwandikia nani". Kola ilikuwa imekaa vizuri, lakini nimekoma.

Nieleze analia vipi? Mimi ninajua sauti ya cherehani, injini nitaijulia wapi? Nimepata akili nyingine. Nimemwambia shemeji yako akurekodie kwenye simu. Kasema sawa, nimwachie simu na niende zangu nikaoshe vyombo, nisije kumharibia na maneno yangu. Ameshaituma kwako. Sikiliza vizuri, weka sikioni, kisha utwambie ugonjwa.

Sailensa imefika. Ameifunga. Ni yaleyale.

Dada yako


Jumatano, 26 Juni

Dada,

Nimeipata ile sauti. Nimesikiliza mara tatu, simu sikioni, mlango wa garaji nimefunga. Mwambie shemeji amerekodi vizuri.

Na sasa nitasema mbele ya mtu yeyote: huyo injini ni mzima. Anapumua vizuri, mwendo wake umetulia. Kuna valvu moja inagonga kidogo kwa mbali, si ya kumnyima mtu usingizi. Mimi ningelala pembeni yake. Jirani zenu wana masikio ya sungura, hapo fundi hana dawa.

Jaribuni kuongea na msimamizi kwa upole. Mpeni chai.

Mdogo wako,
Fundi


Ijumaa, 28 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako niliisoma kwa sauti, shemeji yako anakunywa chai. Nilipofika kwenye valvu akaweka kikombe chini. Uso ulimbadilika kama mtu aliyetukanwa. Akatoka nje, akasimama nyuma ya Kobe muda mrefu, nami nikabaki na karatasi mkononi sijui nimesoma kosa gani. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, macho mekundu. Akanishika mkono, akasema, "Mke wangu, Fundi hasikii."

Hakukuwa na injini kwenye ile sauti. Kimya alikuwa hajawashwa, na mimi kwenye vyombo nilidhani anangoja nimalize ndipo amwashe. Shemeji yako alikurekodia maneno yake mwenyewe, mambo ya mashemeji, hata mimi hakuniambia ni yapi. Kasema siku ukiweza utasikia mwenyewe.

Nilikaa chini. Kila kitu kikanijia kwa pamoja. Halo, halo, mtandao. Barua, eti michoro. Kimya na jina lake jeupe. Na mimi nikakuita kasuku na mkaidi, nikakuandikia kwa hasira kutoka kwenye kiti changu kizuri, na wewe uko peke yako huko kwenye nyumba iliyonyamaza. Ninalia ninapoandika, na karatasi hii ina madoa, usidhani ni chai.

Tangu lini? Nani mwingine anajua? Ulikuwa unaogopa nini, mimi nikucheke? Mimi niliyekufuta kamasi?

Njoo. Usilete sababu. Panda lori la maziwa uje na spana zako. Mikono yako ipo, na masikio nitakuwa mimi.

Dada yako


Jumatatu, 1 Julai

Dada,

Sijui. Ilianza polepole. Kwanza ndege, halafu birika, halafu watu kwenye simu. Hapa garaji kila mtu anapiga kelele, ninaona midomo, ninaona gari, ninajua shida. Hakuna aliyegundua na mimi nikajidanganya kwamba hakuna cha kugundua.

Niliogopa, ndiyo. Fundi wa injini asiyesikia injini ni nani? Wateja wanakuja kwa sababu ninasimama mbali na gari, ninainamisha kichwa, ninasema "ni beringi." Hicho ndicho nilichonacho.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilicheka. Ya tatu ilipofika, nilitoa jenereta kuukuu isiyo na sailensa kabisa, nikaiwasha, nikasimama hapo. Paka alikimbia. Jirani akatokeza kichwa dirishani anafoka. Mimi nikasikia kama mtu anasugua viatu kwenye mkeka. Nikazima, nikaingia ndani, nikakuandikia kwamba jirani zenu wana masikio ya sungura.

Na kwa ukaidi huo shemeji alikuwa anakosa pumzi na wewe unakosa usingizi. Nisameheni. Mwambie shemeji sikujua alisema nini, na kama nilimjibu upuuzi, haukuwa jibu lake.

Ninakuja Ijumaa. Mikono itabidi itoshe.

Fundi


Jumapili, 14 Julai

Mdogo wangu,

Umeondoka juzi na Kobe amekuwa mkubwa ghafla. Mswaki wako umeusahau.

Nikupe habari ambazo wewe hukuzisikia, maana nimeahidi kuwa masikio. Jana asubuhi msimamizi alikuja na uso wa huruma, akagonga, akauliza, "Jenereta yenu imeharibika? Mgonjwa amelalaje bila umeme?" Shemeji yako akampeleka nyuma ya mti akamuonyesha Kimya anavyofanya kazi. Mama wa watu akamgusa kwa kiganja, kama wewe tu, akaanza kucheka. Amesema tukae mpaka tuchoke, na amewapigia kaka zake wa kambi za mbele. Mwalimu amerudisha hema, na pamba yake ametuzawadia, eti tumwekee jirani mwingine.

Bega lako linaendeleaje? Wewe ndiye uliyesema nikubonyeze sauti ikishuka na nikufinye ikipanda. Nilivyokuona umeinama, mkono mmoja kwenye tangi, mwingine kwenye zile sailensa mbili ulizoziunga, macho umefumba, nilishindwa kupumua kwa kusubiri. Pale uliporefusha bomba nikasahau kukubonyeza, nikapiga kelele "Hapohapo!" na wewe usisikie, ukaendelea, ikabidi nikufinye tena. Nilikufinya sana. Kidogo nilifurahia.

Na koti langu jipya linatazamwa na kambi nzima. Tatizo ni kwamba umenikatalia mgongo, kifua na kofia. Turubai zito kwenye nguzo tatu, mbali na injini hatua nzima, juu wazi, nyuma wazi. Hiyo kwetu washonaji tunaita pazia. Lakini nimelipiga pindo mara mbili, na vile vifungo viwili vilivyopona nimevishona pembeni. Havifungi kitu. Nimevitaka tu.

Shemeji yako analala mpaka jua linamchoma. Mimi nimelala mpaka nimeota.

Sasa zamu yako. Nenda kwa daktari wa masikio. Usiponiletea habari, nitakuja mwenyewe na Kobe nimuegeshe mlangoni kwa garaji.

Dada yako


Jumapili, 18 Agosti

Shemeji,

Hii dada asijue. Mwambie ninaulizia mtindi.

Nimevaa vidude vya masikio. Viwili, vidogo, rangi ya mwili, vinawasha kama shati jipya. Dunia ina makelele, jamani! Bomba la jikoni linavuja, sijui tangu lini. Ndala zangu zinapiga kofi sakafuni, nimetembea mlango hadi mlango kuzisikiliza. Garaji wamenijua wote, niliwaambia mwenyewe, na mteja mmoja kasema, "Sisi tulijua, lakini bado ulikuwa unapatia."

Lakini cha kwanza kabisa, kabla ya yote hayo, nilikaa kitandani nikafungua ile sauti yako ya Juni.

Umeniita kichwa cha nazi. Umeniita mwizi wa spana yako ya kumi na saba, na umetaja mpaka mwaka. Kisha umenyamaza, nikadhani imeisha. Kisha ukasema, "Fundi, hii pumzi yangu siiamini. Nikitangulia, usimwache dada yako arudi kwenye kile kiti cha cherehani. Bado sijamuonyesha nusu. Mchukue Kobe, umuendeshe. Nijibu."

Na mimi nikakujibu kwamba valvu inagonga.

Sasa ninajua kwa nini uliweka kikombe chini. Shemeji, ningekuwa mimi ningekivunja.

Kuna kitu wewe hujui kimo humo. Mwishoni, ulipokuwa unatafuta pa kuzimia simu, nyuma yako kwa mbali dada anaosha vyombo na kuna kitu kimemchekesha. Anacheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani, kama anayezama. Nilikuwa nimekisahau. Nilikaa pale kitandani nikalia kama mjinga, na kilio changu nacho nikakisikia, nikashtuka.

Nimesikiliza mara tatu, safari hii kweli.

Jibu ni ndiyo. Kobe nitamuendesha, na dada nitamuonyesha kila daraja ulilopasukiwa tairi, kwa hiyo anza kunichorea ramani. Lakini usiharakishe. Lala, mashine iwake, Kimya anatosha mpaka asubuhi.

Spana sirudishi.

Shemeji yako,
Fundi